Night Concy wa Dranya, na maji ya upande ya mzee Amandu

Wakubwa wa dini, chairmani ya kijiji, wajomba kutoka Ayivu, walimu na wanafunzi kutoka Arua, na jirani wote wa hapa Dranya, tunawasalimu na tunawapa pole. Mimi ni Ramathan, mtoto ya baba mdogo ya marehemu, nimepewa kazi ya kusoma. Maneno iko ya nyanya yetu Mariam, yeye hajashika kalamu hata siku moja, jana alisema kwa mdomo na mimi niliandika, na aliniapisha nisipunguze kitu, hata mahali itauma watu ya nyumba yetu, kwa hivyo mtanisamehe, mimi nabeba mdomo ya mwingine tu.

Marehemu Night Concy alizaliwa tarehe 14 mwezi wa tatu mwaka wa 2002, hapa hapa Dranya, mvua ya kwanza ikinyesha, mtoto ya Duku na Faridah, mjukuu ya marehemu Kamisi na Mariam, na kwa hesabu ya ukoo alikuwa mjukuu ya mzee Amandu pia, juu Kamisi na Amandu walitoka tumbo moja, hata kama tangu mwaka wa 1994 mikono yao haikuingia kwa sahani moja, na ile maneno iko, tutafika. Baba yake Duku alikuwa askari, alikufa kazini tarehe 3 mwezi wa kumi na moja mwaka wa 2009, mama yake alirudi kwao Ayivu na mtoto mdogo mgongoni, lakini Night alishika nguo ya nyanya yake kwa mikono mbili, akasema nikienda, nani ataambia Nyanya mbuzi imeingia kwa mihogo, watu wakacheka kwa matanga ya baba yake, na akabaki.

Alisoma praimari hapa Dranya kutoka mwaka wa 2008 mpaka 2015, akapita, akaenda sekondari Koboko mwaka wa 2016, ile wakati ya korona shule ikifungwa alikuwa analima mahali ya watu ili asisahau jembe na asisahau kitabu, akamaliza senia siksi, darasa ya mwisho ya sekondari, mwisho ya mwaka wa 2022, na mwezi wa nane mwaka wa 2023 aliingia yunivasti Arua kusomea maendeleo ya vijiji, mtu ya kwanza kwa nyumba ya Kamisi na kwa nyumba ya Amandu, na ile siku hata Amandu alituma kuku, aliituma na mtoto, yeye mwenyewe hakuja, lakini kuku ilifika.

Marehemu hakuolewa. Kijana mmoja, mwalimu Sam ya Ayivu, alikuja kuuliza mwaka jana, na Night alimwambia angoje mpaka atoke yunivasti, akangoja, na leo amekaa pale nyuma na wanaume wa kuchimba. Hakuacha mtoto.

Kazi yake ilikuwa moja, na ilikuwa wiki kumi. Mwaka huu wa 2025 yunivasti ilituma wanafunzi kwa intanshipu, kila mutu achague mahali atasaidia wananchi, wenzake wakaomba ofisi ya mjini yenye kiti na feni, yeye akaomba sabukaunti, yaani tarafa, ya kwao, na akaanza tarehe 9 mwezi wa sita. Sisi hapa tunajua wanafunzi ya intanshipu, kila mwaka wanakuja, wanaketisha watu chini, wanasema chora kijiji yenu kwa majivu, weka maharagwe mahali iko nyumba, semeni shida iko nini, tunasema maji, wanaandika maji, wanapiga picha, wanaenda. Mzee mmoja alimwambia Night siku ya kwanza, "Mtoto yangu, tumechora hii kijiji mpaka kijiji imechoka, maharagwe ile bora tungepika." Night alicheka mpaka akashika tumbo, na akasema, "Baba, mimi sitachora, na mimi sitaenda, mimi kwetu ni hapa, nitaenda wapi?" Na hapo ndiyo alijifunga.

Alitafuta shirika moja, wakakubali kuleta simenti na bomba ya kujenga chemchem moja, ile inatoka chini ya jiwe kwa shamba ya mzee Amandu, maji baridi, safi, ambayo watu wote walikuwa wanachota bila kuulizwa, ila ng'ombe inaingia na kuharibu. Shirika ilisema, tunataka mkutano, watu wasipungue arobaini, na karatasi ya atendansi yenye majina na vidole, ifike kabla mwezi wa saba haujaisha, bila hiyo simenti itaenda sabukaunti ingine.

Siku ya Alhamisi, tarehe 26 mwezi wa sita, Night aliita mkutano pale pale kwa chemchem, watu arobaini na tatu walikuja, mzee Amandu hakuwepo, alikuwa amepeleka mtama soko ya Koboko, lakini bibi yake na vijana yake walikuja. Night aliwatembeza, akaonyesha bomba itapita hapa, ukuta itafika pale, jiwe hii na mti ile, halafu akapitisha karatasi na wino, kila mutu akabonyeza kidole, halafu akafungua kreti mbili ya soda ambayo alileta na boda, wakakunywa. Kwa yunivasti walimfundisha hivyo, mkutano bila atendansi siyo mkutano, na watu wasirudi nyumbani na koo kavu. Lakini nyinyi wote mnajua, hapa kwetu watu wakitembezwa kwa mpaka ya shamba, wakabonyeza kidole kwa karatasi, wakakunywa soda pamoja, ile shamba imeuzwa, na hata mwenyewe akilia hakuna mutu atamsikia.

Mtoto hakujua, hajawahi kuona shamba inauzwa, alikuwa na vitabu. Nyanya yake Mariam alikuwa ameketi pale, soda mkononi, na yeye aliona, tangu mguu ya kwanza kwa mpaka aliona, alikuwa anaweza kusema neno moja tu, Night ngoja, weka hiyo wino, na alinyamaza. Alinyamaza juu roho yake ilifurahi kuangalia bibi ya Amandu anabonyeza kidole.

Amandu alirudi jioni, bibi yake akampa maji ya kunawa, na aliona mkono. "Hii nini kwa kidole?" "Wino ya mkutano." "Na hii nasikia kwa pumzi yako?" "Soda, ya machungwa." Wanasema mzee aliketi chini kwa udongo, hata kiti hakutafuta. Asubuhi ya tarehe 27 alikata miiba, akafunga njia ya chemchem yote, jiwe juu ya miiba, halafu akafika kwa mlango ya Mariam, mara ya kwanza miaka thelathini na moja, akasimama nje na panga, akasema, "Mariam, bwana yako alinimaliza na soda moja, wewe umetuma mjukuu na kreti mbili."

Ndiyo Night alijifunza maneno ya 1994, akiwa na miaka ishirini na tatu. Amandu alisema Kamisi alimdanganya kidole, akauza shamba yake ya ng'ambo ya mto, na kwa nyumba ya Kamisi sisi wote tulikuzwa tukiambiwa ni uongo, Amandu aliuza mwenyewe akakula pesa, halafu akajuta. Night alienda kwa Amandu kila siku, anapiga magoti kwa uwanja, anasalimu, anangoja. Alichukua ile karatasi ya atendansi, akaipasua mbele yake vipande vipande, na mzee alisema, "Hata ile ya kwanza, ya 1994, ilipasuliwa, karatasi ya ofisi inazaa, iko na mtoto mahali." Vijana ya Amandu walimchokoza, "Wewe dada, kesho unaolewa huko Ayivu, maji ya hapa unatafutia nani?" na yeye akajibu, "Natafutia bibi zenu, kama mtapata mwanamke wa kukubali sura hizo," hata Amandu aligeuza uso ili asionekane anacheka. Na mwisho mzee alilainika, akasema kitu moja tu, "Mimi sitaki karatasi. Mariam alikuwepo ile siku. Asimame mbele ya watu, aseme ukweli ya 1994, na mimi natoa miiba kwa mkono yangu."

Basi jambo ilikuwa nyepesi hivyo, mdomo ya mwanamke mzee mmoja. Night alimwomba nyanya yake wakichambua maharagwe, alimwomba wakienda shamba, alimwomba akimsuka nywele. Nyanya alisema, nitaenda kwa Kamisi na uso gani, mfu hasemwi vibaya, ile shamba ilisomesha baba yako. Night akamwambia, "Nyanya, yeye amekaa huko miaka kumi na tano, hasira imeisha, hana hata mutu wa kugombana naye." Nyanya alicheka, na alikataa.

Ile wakati yote kijiji ilirudi kuchota kwa mto, mahali ng'ombe inakunywa na watu wa boda wanaosha pikipiki, juu bomba ya shule ilikuwa imeharibika. Night alichemsha maji ya nyanya yake kila siku, akafunika, akamwambia Nyanya usikunywe ingine, lakini yeye, akiwa njiani na wanawake, alikunywa ile ya mto kwa kibuyu yao, ili wasiseme mtoto wa yunivasti anaogopa maji yetu baada ya kutufungia ile mzuri.

Tarehe 30 mwezi wa saba mwalimu Okuonzi alifika kutoka Arua kumpa alama, mutu mpole, hakuna kosa yake, akauliza mradi iko wapi, na Night alionyesha miiba. Tarehe 1 mwezi wa nane shirika ilipeleka simenti mahali ingine. Tarehe 15 intanshipu iliisha, akaambiwa atarudia mwaka ujao, wenzake wakapanda gari kurudi Arua, na yeye alikataa, alisema niliambia watu sitaenda.

Ugonjwa ilianza tarehe 1 mwezi wa tisa, joto ya mwili na tumbo, alipelekwa kliniki Koboko, wakasema taifodi, akapewa dawa, akaamka siku tatu akarudi kwa uwanja ya Amandu kupiga magoti, halafu akaanguka tena. Tarehe 12 alipelekwa hospitali ya Kuluva, wakakuta utumbo imetoboka, wakapasua tarehe 13, wakaosha, wakashona. Siku ya Jumapili, tarehe 14, alifungua macho, akaona nyanya yake, akauliza, "Nyanya, umesema?" Nyanya akajibu, "Nimesema." Akauliza, "Mzee amefungua?" Nyanya akajibu, "Amefungua, wanawake wanachota." Night alisema asante, akashika kidole ya nyanya yake, na hakuuliza tena mpaka Alhamisi, tarehe 18 mwezi wa tisa, saa nne ya asubuhi, alipotuacha, akiwa na miaka ishirini na tatu, miezi sita na siku nne.

Ilikuwa uongo. Nyanya Mariam hakuwa amesema kitu, na miiba iko mpaka sasa, mumepita hapo mkikuja.

Kwa hivyo Nyanya Mariam anasema leo mbele yenu wote, na mimi nasoma kama alivyosema. Mwaka wa 1994, wakati ya kupanda mtama, Kamisi alimwita ndugu yake Amandu, akamtembeza kwa shamba, akamwambia karatasi ni ya kupata mbegu ya serikali, na Amandu alibonyeza kidole juu alimwamini, wakampa soda, na ile soda Mariam mwenyewe ndiye alifungua kwa meno yake. Amandu hakuuza, hakukula, na hakudanganya hata siku moja. Shamba ya ng'ambo haiwezi kurudi, mwenye alinunua amejenga na amezika watu pale. Simenti imeenda. Mtoto iko kwa sanduku. Nyanya anasema hii maneno haiponyi kitu, anajua, anaisema tu juu iliombwa, na mwenye aliomba hawezi kusikia. Mzee Amandu hajakuja, vijana yake wako hapa, wampelekee.

Tunashukuru madaktari na wauguzi ya Kuluva, walifanya yote mikono ya mutu inaweza, hatuna neno juu yao. Tunashukuru yule wa boda alimbeba mpaka Koboko na hakukubali kitu, mwalimu Okuonzi, wanafunzi wenzake waliosafiri na sanduku kutoka Kuluva, mwalimu Sam, wajomba wa Ayivu, jirani Waislamu na Wakristo waliochimba, na wanawake ambao tangu alfajiri wanabeba maji ya mto ili wageni wapate kitu. Wageni kutoka mbali, tafadhali, kunyweni chai tu, maji ya hapa msikunywe bila kuchemsha.

Night Concy, tunakurudisha kwa udongo ya kwenu, ulisema hutaenda na hukuenda. Pumzika, mtoto, amani ikae na wewe.