Jani la Mhogo na Chupa ya Chifu

Mheshimiwa Afisa wa Elimu wa Wilaya, Chifu wetu, Mzee Paulinus Ochom mwenyekiti wa halmashauri ya shule, wazazi mliotoka Adungosi na hata Marachi, walimu wenzangu, nanyi wanafunzi mliosimama kwa kuwa viti vimekwisha: hamjambo nyote, na mimi mwalimu mkuu wenu nawakaribisha kwenye ufunguzi wa maabara yetu.

Kuta hizi zilianza na harufu. Mwaka jana Mwalimu Nerima, anayefundisha sayansi hapa, alikataa kufundisha kwa chaki peke yake jinsi jani linavyojipikia chakula kwa jua. Alitaka wanafunzi wajionee. Lakini spiriti ya kuondoa ukijani wa jani ilikuwa haijafika kutoka Nairobi, na mtihani haungojei gari moshi. Angefanyaje? Penye nia pana njia, na sisi watu wa mpakani, ni lini tumewahi kukosa njia? Alimwendea Chifu, akaomba chupa moja ya enguli, pombe ya magendo iliyokamatwa Malaba, ile kali inayoshika moto. Nasikia ndiyo chupa ya kwanza kutoka kituoni kwake ikiwa imejaa.

Sasa, Mzee Ochom mnamjua. Hanywi, na anayekunywa humsalimu kwa mbali. Siku ya somo alipita dirishani, akanusa, akaingia.

"Mwalimu, hii ni shule ya kanisa ama ni kilabu?"

Mimi nilikuwa nyuma ya darasa. Nilijua kwamba jioni ile halmashauri ingemfukuza mwalimu bora niliye naye.

Nerima hakubishana. Alimpa mzee kiti na koleo, akamwomba alitoe jani la mhogo katika gilasi ya enguli, iliyokuwa imewekwa ndani ya sufuria ya maji ya moto. Jani lilikuwa limepauka kabisa. Lilipokuwa bado shambani, nusu yake ilikuwa imefunikwa kwa karatasi nyeusi. Akamweleza kwamba iodini hugeuka nyeusi inapokuta wanga, ule ule wa ugali, kisha akamwachia mzee adondoshe mwenyewe iodini tuliyoazima zahanati. Nusu iliyoona jua ikawa nyeusi tititi. Iliyofunikwa ikabaki na rangi ya dawa tu.

Mzee aliligeuza jani lile kwa koleo. "Kwa hivyo mahali jua haikufika, chakula haikupikwa?"

"Ndiyo, mzee."

"Basi huyu mwalimu haendi mahali. Mjengeeni jikoni."

Na matofali ya kwanza yalikuja kwa mkokoteni wa ng'ombe wake mwenyewe. Mwalimu Nerima, Mzee Ochom, nawashukuru kutoka moyoni, na furaha niliyo nayo leo siwezi kuificha.

Mzee, hatukukuwekea utepe wa kukata. Hapo mlangoni pana mhogo, na jani moja limefungwa nusu kwa karatasi nyeusi; lifungue, ulipike kama siku ile. Chupa ya leo ni spiriti halisi, nimeinusa mimi. Ile ya Chifu bado ina nusu, imo kabatini, na Mwalimu Nerima ameomba ufunguo ukae nao wewe.

Asanteni kwa kunivumilia juani. Twendeni tukaone.