Kiganja Kimoja Nyuma ya Rafu

Ndugu, majirani, akina mama wa chama cha samaki, na ninyi mliovuka mpaka leo asubuhi kutoka Goma, karibuni. Tunayemsindikiza ni Wellars Gatete, fundi wa chuma wa Rugerero, mume wa Xavérine, baba wa Denyse na Gwiza. Mimi ni Epiphanie, dada yake. Nimeombwa nisome kwa utaratibu na nisilie. La kwanza nitajitahidi.

Wellars alizaliwa tarehe 3 Mei 1952 huko Masisi, Kongo, mtoto wa pili na wa mwisho wa mzee Vénuste na mama Mukankusi. Mama alipenda kusimulia kwamba siku hiyo ilinyesha mvua ya mawe, na shangazi akamwekea mtoto punje moja ya barafu kiganjani ili aone atafanya nini. Hakulia. Aliifunga mkononi mpaka ikayeyuka. Utotoni tulilala mkeka mmoja, mimi na yeye, na kila usiku alinisukuma kwa mgongo mpaka nikajikuta sakafuni. Nikimshtaki kwa mama, alijibu kwamba mgongo wake unataka hewa. Tulimcheka sana kwa jibu hilo.

Alisoma shule ya msingi ya misioni hukohuko Masisi kuanzia mwaka 1959 hadi 1965. Mwandiko wake ulikuwa mbaya, na waliopokea barua zake wanajua kwamba haukupona. Lakini mapadre waligundua kwamba ukimpa kabati lililojaa fujo atakurudishia kabati ambalo kila kitu kinaonekana. Wakampeleka shule ya ufundi mjini Goma, akajifunza kuchomelea vyuma, akamaliza mwaka 1969.

Mwaka 1970 aliajiriwa na bucha kubwa moja ya Goma, akawa fundi wa pale kwa muda mrefu. Mwaka 1987 tajiri wake alijenga chumba kipya cha baridi, akamwagiza Wellars atengeneze rafu. Tajiri alitaka kila pembe ijae nyama, pasipotee hata nafasi ndogo. Wellars akampa alichotaka: mbao pana, zimebanwa ukutani bila ufa, kutoka sakafuni hadi darini. Zilipendeza machoni. Wiki ya Noeli chumba kikajazwa, mlango ukafungwa, mota ikaunguruma. Ulipofunguliwa, nyama za mlangoni zilikuwa ngumu kama jiwe na za nyuma zilikuwa zimeoza, kwa sababu baridi haikuwa na njia ya kupita. Familia nyingi zilikula Noeli kwa maharage mwaka ule, na zilijua jina la fundi.

Tajiri ndiye aliyeagiza, lakini Wellars hakujificha nyuma yake. Alisema fundi analipwa ili ajue pia kukataa. Akaacha kazi, akafungua karakana ndogo ya milango na vitanda, akaapa kwamba hatagusa tena chumba cha baridi maisha yake yote. Jambo hili lilimuuma kuliko alivyoonyesha. Nalisema hapa ili muelewe aliyoyafanya baadaye.

Mwaka 1995 tulivuka mpaka, tukarudi nchini kwa wazazi wetu, tukapata nyumba Rugerero. Mwanzoni mwa 1997, akina mama wauza samaki wa Gisenyi walipata chumba cha baridi karibu na ufukwe. Mnakumbuka barabara ya Ruhengeri ilivyokuwa ya hatari wakati ule. Malori ya Kigali yalikwenda kwa msafara, leo yapo, kesho hayapo, na sambaza, samaki wetu wadogo wa ziwani, hawezi kuambiwa avumilie. Chumba kilikuwepo, mota ilikuwepo, rafu hazikuwepo. Walipomfuata Wellars, alikataa. Walipotuma watu wengine, akakataa tena. Ndipo akaja Xavérine Uwimbabazi mwenyewe, mjane, mwuza samaki, mwenye mdomo ambao sote tunaujua, akasimama getini kwetu na beseni lake kichwani.

“Fundi, bon, kama unaogopa, sema unaogopa. Mi nitatafuta mwingine mwenye haogopi.”

“Mama, mi naogopa,” Wellars akasema.

“Donc, basi kuja. Mutu mwenye anaogopa atafanya muzuri.”

Akaenda. Alitengeneza rafu za chuma zenye sakafu ya wavu, ili hewa ipande na kushuka. Kila sakafu aliilaza kidogo kuelekea mfereji mwembamba, maji ya samaki wa juu yasimdondokee jirani wa chini, maana hilo peke yake lingeleta vita. Samaki wakubwa aliwapangia chini, sambaza wakakaa juu kwenye trei fupi. Na rafu zote zilisimama mbali na ukuta. Alipima umbali huo kwa kiganja chake kilichonyooshwa, hakutaka futi wala mita. Kiganja kimoja nyuma, kila mahali. Akina mama walilalamika kwamba anapoteza nafasi. Aliwajibu kwamba nafasi hiyo ndiyo inayofanya kazi, samaki wamekaa tu.

Siku ya kufungua tulisali, tukapiga makofi. Haikupita wiki samaki wakaanza kulegea. Wellars alipoitwa, alikuta kila mama ametundika kitenge mbele ya rafu yake, amekibana juu, chini na pembeni, kama pazia la chumba cha maharusi. Wala hakushangaa. Kwetu chakula hakitembei wazi. Maziwa yana mfuniko, kikapu kina mfuniko, na anayechungulia mwenzake amepata kiasi gani hakulelewa. Angewezaje kuwaambia akina mama hawa, watu wazima, waache samaki wao watazamwe na kila anayepita? Alirudi nyumbani, hakula. Aliniambia, “Dada, ni nyama ya Goma tena.” Nilimwonea huruma sana siku ile.

Mwenyekiti wa chama, Robinah, hakuwa mtu wa maneno mengi. Alisema msafara ujao ukikuta samaki wameharibika, mota itazimwa na chumba kitakuwa ghala la maharage. Wellars aliposikia neno maharage, alichukua unyoya wa kuku na uzi, akaenda ufukweni. Akautundika unyoya mahali pasipo na pazia, ukacheza. Akauingiza nyuma ya kitenge cha Xavérine, ukatulia.

“Angalia, mama. Huku inacheza. Huku inalala. Samaki yako haipumue.”

“Na we unataka ikae uchi mbele ya watu wote?”

“Hapana. Uifunike. Lakini baridi ipate njia.”

Xavérine alimtazama, akautazama unyoya, akaondoka bila kuaga. Wellars alidhani amemkosea heshima. Kesho yake alirudi na mfuniko alioufuma mwenyewe kwa ukindu, mpana kama trei, wenye matundu madogo yaliyopangwa kwa mshazari. Ukiutazama kwa juu huoni samaki. Ukiweka mkono juu yake unasikia baridi. Akavuta kitenge chake chini mbele ya wenzake, akafunika trei, akawaambia:

“Mi yangu imefunikwa. Mwenye anaona kitu, aseme anaona nini.”

Hakuna aliyeona kitu. Jioni hiyo akina mama walikaa nje ya chumba wakifuma, na vitenge vikashuka kimoja baada ya kingine. Msafara ulichelewa kuliko tulivyoogopa. Ulipofika, Robinah alifungua mlango mwenyewe, akaanza kugusa samaki kuanzia mbele mpaka nyuma kabisa. Wote walikuwa wagumu. Wellars alitoka nje, akakaa juu ya kreti la bia, akalia mbele ya watu, na hakuna aliyemcheka. Tangu siku hiyo, mtu akimsifu kwa rafu zile, alisema nusu ya kazi ni ya Xavérine. Na alimaanisha.

Mdogo wangu alichelewa kuoa, lakini alipoanza hakupoteza muda. Tulipokwenda kuomba mchumba, mzee wa upande wa Xavérine alituuliza kwa sauti kubwa, “Huyu ndiye ule anafunua samaki za wanawake?” Msemaji wetu alikuwa amejiandaa kwa maswali ya ng'ombe, siyo ya samaki. Wellars mwenyewe akajibu, jambo ambalo mila haimruhusu: “Mzee, mi sifunue. Mi natafuta mwenye kufunika.” Watu walicheka mpaka pombe ikamwagika. Walifunga ndoa Jumamosi tarehe 9 Agosti 1997. Denyse, binti wa Xavérine kwa marehemu mume wake, alipata baba, na Wellars alimwita “mtoto wangu” tangu siku ya kwanza. Gwiza alizaliwa tarehe 14 Juni 1998. Kitanda chake, baba yake alikiweka mbali na ukuta. Nadhani hamhitaji kuuliza kwa kipimo gani.

Mwezi Machi mwaka huu miguu yake ilianza kuvimba. Madaktari walisema ni moyo. Alitibiwa, akapata nafuu, akaanguka tena, mpaka ikawa hawezi kushuka ufukweni. Kifo hakikumtisha sana. Alichoogopa ni kitu kimoja. Samaki walikuwa wameongezeka, barabara imetulia, na baadhi ya akina mama walitaka kusukuma rafu ukutani ili wapate safu moja zaidi mbele. Aliona chumba kikijaa, mlango ukifungwa, na yeye hayupo wa kusema hapana. Kila mgeni aliyeleta maziwa aliulizwa swali lilelile kabla ya kukaribishwa kiti.

“Nyuma iko wazi?”

“Iko wazi, papa.”

“Munanidanganya. Mukono yangu haiko kule. Nani anapima?”

Siku moja Xavérine alichoka na swali hilo. Akaingia na kipande cha ubao na mkaa. “Leta mukono,” akamwambia. Akakilaza kiganja cha mumewe juu ya ubao, akakizungushia mkaa pole pole, kidole kwa kidole, na Wellars akatulia kama mtoto anayekatwa kucha. Jirani yetu Habimana, seremala, alikikata kibao hicho na kukipiga msasa. Xavérine alikitundika kwenye msumari mlangoni mwa chumba cha baridi. Akina mama walikubaliana, na wale waliotaka safu ya ziada wakiwemo, kwamba kila mzigo ukishapangwa kibao kipitishwe nyuma ya rafu zote. Kikikwama, rafu inavutwa mbele. Wellars alipoambiwa, aliuliza kama kinapita bila kubanwa. Kinapita, Xavérine akasema. Baada ya hapo hakuuliza tena, akaanza kulala vizuri.

Alifariki nyumbani Rugerero, Jumanne tarehe 21 Septemba 1999, alfajiri, mkono wake ukiwa ndani ya mkono wa mke wake. Alikuwa na miaka arobaini na saba.

Ameacha mjane, Xavérine Uwimbabazi, binti zake Denyse na Gwiza, dada yake Epiphanie, na akina mama wa chama cha samaki, ambao tangu juzi hawajauza kwa heshima yake. Xavérine ndiye aliyesema mota isizimwe. Tunawashukuru waliomuuguza, waliotuletea kuni na maji, na wote waliokesha nasi.

Nina jambo moja la mwisho, nami nimelijua leo tu. Jana Habimana, ambaye ndiye aliyeongoza vijana kuchimba hapa, alikuja kuomba kile kibao. Hakusema ni cha nini. Leo asubuhi amekirudisha kikiwa na udongo, na Xavérine amekataa kukifuta. Habimana amekipitisha pande zote za kaburi. Jeneza litashuka, na kila upande kutabaki kiganja kimoja, cha Wellars mwenyewe.

Kesho kibao kitarudi kwenye msumari wake, maana samaki wataingia.

Lala sasa, mdogo wangu. Mkeka wote ni wako, na mgongo wako umepata hewa. Mungu akupe amani.