Kinoti Dheere, Mtu Aliyekataa Kuniuzia Likizo Yake

Baada ya miaka thelathini na minne ya kuhudumia mifugo ya kaskazini mashariki, Bwana Silas Kinoti anastaafu tarehe 30 Juni 2025. Kamati ya sherehe ilitafuta mtu anayemfahamu vizuri aandike kurasa hizi, ikaniangukia mimi, Mutuku, karani wa vibali vya kusafirisha mifugo. Nimekaa naye ofisi moja hapa Garissa miaka ishirini na miwili, meza yake dirishani, yangu karibu na choo. Nimekubali kazi hii, lakini wasomaji wajue mapema kwamba wasifu huu umeandikwa na mtu mwenye kijicho.

Kinoti aliripoti Banissa mwaka 1991, kijana wa Kimeru mwenye sanduku moja la chanjo na asiyejua neno la Kisomali. Wiki ya kwanza alimchanja mbuzi mmoja mara mbili, na alikuwa anajiandaa kwa mara ya tatu, mwenye mbuzi, Mama Kaltun, alipomshika mkono na kumwuliza, “Taktari, huyu mbusi amekukosea nini?” Tangu siku hiyo hakutoka bila kopo la rangi ya buluu. Kila mnyama aliyechanjwa alipakwa alama shingoni, na baadaye wilaya nzima ikaiga. Mama Kaltun naye akamwita Dheere, yaani mrefu, na jina likamfuata Sangailu alikokaa miaka sita, hadi Garissa. Wenye mifugo wakimpa mtu jina wamempokea nyumbani. Mimi mpaka leo naitwa “karani”.

Katika ukame wa 2022 alirudi Sangailu, akakaa wiki saba akigawa nyasi kavu na dawa, na akapewa cheti ambacho kimetundikwa juu ya meza yake, mahali ambapo macho yangu hayawezi kukikwepa. Mwaka huohuo mimi niliandika vibali hadi kidole kikaota sugu. Sugu haitundikwi ukutani.

Lakini lililoniuma zaidi lilikuwa mkono wake. Sokoni kwetu bei haitajwi kwa mdomo. Muuzaji na dalali hupeana mikono chini ya shali, vidole vikazungumza: kidole kimoja ni bei ndogo, viwili zaidi, na mkono mzima ndio bei ya juu kabisa. Wanaosimama pembeni hawaoni kitu, kwa hiyo hakuna anayeaibika kwa kutoa kidogo wala kwa kukataliwa. Sisi wageni kutoka bara wengi huishia kutazama shali zikitikisika. Kinoti alijifunza akiwa Banissa, na siku hizi bei ikigoma madalali humwita yeye aingize mkono awapatanishe. Mimi nilijifunza vidole viwili, nikachoka.

Sasa nifike kwenye pointi. Mwaka 2015 klabu moja ya likizo ilikuja mjini, ikatualika watumishi wa serikali kwa chakula cha mchana hotelini. Tulikula pilau, kila mmoja akapewa birika la umeme, tukaonyeshwa picha za mabwawa ya kuogelea. Ukinunua pointi, tuliambiwa, kila mwaka utazitumia kulala siku kadhaa katika nyumba zao za Diani, maisha yako yote, na ukichoka utaziuza kwa faida kama kiwanja. Bei ilikuwa ya siku hiyo tu. Kinoti alitia sahihi. Mimi nilitaka kutia, kalamu ilikuwa mkononi, lakini kitambulisho changu kilikuwa nyumbani kwenye suruali nyingine. Sikuisamehe suruali ile miaka kumi.

Karibu kila Januari picha mpya ilitua mezani kwake: mkewe Maggie na kofia pana, Kinoti na nazi, wote wawili na miguu majini. Nilikuwa nikimpelekea mafaili huku nimetazama dari. Nyumbani mke wangu Kasyoka alichoka kusikia habari za Diani, akaniambia kama nataka maji niende mtoni Tana. Nilimwona hana huruma.

Februari mwaka huu, Kinoti akijiandaa kustaafu, karatasi ilibandikwa kwenye ubao wa matangazo: anauza pointi zake zote kwa nusu ya bei aliyonunulia. Moyo uliniruka. Niliamua siku hiyohiyo kuuza ng'ombe wangu wawili wa kule Kyuso, mali pekee ambayo mimi na Kasyoka tumeiweka kwa ajili ya uzee. Sikumwambia. Asubuhi iliyofuata, nilipokwenda kunakili namba za pointi hizo, karatasi ilikuwa imeondolewa.

Nilimwuliza nani amenunua. Akasema hakuna. Nikamwomba aniuzie mimi. Akasema haziuzwi tena. Nilimwomba mara tatu wiki ile, na kila mara aligeuza mazungumzo kuwa ya kupe. Basi siku ya soko nikamfuata hadi kwa dalali Shueb, nikaazima shali ya Shueb, nikaingiza mkono na kumtaka Kinoti tumalize kiume, kama wafanyavyo wenye mali. Akanitazama. Akaingiza mkono wake chini ya shali, akashika kidole changu kimoja na kukikunja, akakunja cha pili, akaendelea polepole hadi vyote vitano vikawa ngumi, kisha akanirudishia mkono wangu.

Niliumia, nisifiche. Nilijua kwamba ananiona sistahili bahari. Wiki tatu nzima sikumsalimia mtu aliyeniazima mwavuli, pampu na, mara moja, viatu vya mazishi. Alikuwa akisema “Habari ya asubuhi, Mutuku,” nami nilikuwa nikipiga muhuri kwa nguvu.

Aliyenifungua macho ni Shueb, nilipokwenda kumwuliza bei ya ng'ombe, maana bado sikuwa nimekata tamaa. Alishangaa sijui. Jioni ile ya tangazo Kinoti alikuwa amempelekea makaratasi ya pointi, amtafutie mnunuzi. Shueb aliyasoma yote, akayarudisha, wala hakuingiza mkono chini ya shali.

“Karani, sikia,” aliniambia. “Mbusi nafungua mdomo, naona meno. Hii karatasi, mdomo iko wabi? Ngamia ikikaa bila kasi inakula majani ya Mungu. Hii ikikaa inakula bensheni ya mtu. Haisai, haina masiwa, haichinjwi. Wallahi, hata kidole moja siwesi kushika.”

Nilirudi ofisini, nikamsalimia Kinoti kwanza mimi. Kwenye chai ya saa nne alinieleza yaliyobaki, bila haya, kama anayesoma ripoti ya ugonjwa. Alipoipigia simu klabu ikamjibu kwamba inauza, hainunui. Kila wiki inaandaa pilau jingine mahali pengine na kuuza pointi mpya kwa malipo ya kidogo kidogo, sasa nani atazitafuta zake kuukuu? Bei tuliyotajiwa siku ile ilibeba ndani yake pilau lenyewe, mabirika, ukumbi na marupurupu ya wauzaji, na hayo yote yaliisha wino ulipokauka. Kumbe pia mnunuzi wa pili hapewi haki zote za wa kwanza. Desemba hawezi kuchagua nyumba, atapewa Mei, mvua ikinyesha. Ila ada ya kila mwaka ya kutunza nyumba huirithi yote, na ada hiyo imekuwa ikipanda hata miaka ambayo Kinoti alikuwa kwenye ukame na hakukanyaga Diani. Na wanaouza ni wengi mno. Mtandaoni aliwaona wastaafu kwa mamia, kila mmoja akishusha bei chini ya mwenzake, na mzee mmoja wa Nairobi alikuwa akizitoa bure ili tu aepuke ada.

Nilimwuliza kwa nini basi asinibebeshe mimi, niliyekuwa tayari kulipa, tena nikiomba. Alikoroga chai, akasema, “Mutuku, mimi nakagua wanyama. Mgonjwa hatoki sokoni na mtu.” Mwezi wa tano aliandika barua ya kuzirudisha pointi kwa klabu, bila malipo yoyote, na mwisho ukawa huo.

Wahenga walisema kupata si kwa werevu na kukosa si ujinga. Mimi niliokolewa mara ya kwanza na suruali, mara ya pili na Kinoti, na katika zote mbili nililalamika. Kasyoka nilimweleza yote. Alicheka hadi akakaa chini. Ng'ombe wetu mmoja amezaa juzi, na Kasyoka amempa ndama jina Likizo.

Dheere, ofisi inakushukuru kwa alama za buluu, kwa Sangailu, na kwa kila mnyama mgonjwa uliyemzuia langoni. Wewe na Maggie mfike Meru salama, chai yenu istawi na magoti yasiwasumbue. Mimi bado nakuonea wivu. Wivu wa Diani umekwisha. Sasa nakuonea kwa sababu ulikuwa na mnunuzi mjinga aliyekushikia shali, na ukamkunja vidole.

Siku ya sherehe nitakuja na shali yangu mwenyewe, nimeinunua. Nipe mkono chini yake mbele ya watu wote. Nitaushika mkono mzima, vidole vyote vitano, na Shueb atakueleza maana yake kama umesahau.

Boniface Mutuku, kwa niaba ya wafanyakazi wenzako