Kurasa Nne Zilizonasa

Benchi lile liliegemea karakana ya Waya, fundi wa redio na simu, na kila asubuhi Mama Birika alilipangusa kabla hajamimina kahawa ya kwanza. Aliyekaa hapo alijua atabishiwa tu, hata akisema leo ni Jumanne. Lakini asubuhi hiyo mpiga chapa waliyemwita Taipu alifika amebeba kompyuta iliyo wazi, kwa mikono miwili, kama bakuli la uji lililojaa hadi ukingoni, akaketi bila kusalimia. Dada yake mkubwa alikuwa amelazwa. Juzi alimwita kando ya kitanda, akamtamkia kurasa nzima nne, maneno ya kumwachia bintiye aliyekuwa safarini. Jana kiharusi cha pili kikamfunga dada ulimi na mkono. Leo Taipu alipotaka kuzichapisha zile kurasa, programu ikaganda.

— Imeganda kabisa? — Waya aliuliza.

— Kishale kinatembea. Dirisha ndilo halitaki. Limepauka, hata herufi moja sioni.

Waya akainama. Yeye ndiye aliyemwekea mfumo wa Linux mwaka juzi, akaisifu mpaka benchi zima likamchoka. Katikati ya skrini kulikuwa na kisanduku: Programu haijibu. Chini yake vitufe viwili: Subiri, na Lazimisha Kufunga.

— Sasa tabu iko wapi? Bonyeza hicho cha pili. Au nikufungulie mahali pa kuandika amri, tuitafute namba yake, tuiue. Kwanza unaiomba kwa upole ijifunge yenyewe. Ikikaidi, unaongeza namba tisa kwenye amri. Tisa haiombi mtu.

— Na kurasa zangu?

— Si ulihifadhi?

Taipu akapangusa ukingo wa skrini kwa kidole.

— Kaka, ulihifadhi?

— Mimi nimejifunzia mashine ya chuma, Waya. Ukipiga herufi, imeshakaa kwenye karatasi. Nahifadhi nikishachapisha.

— Lakini huwa inajihifadhi yenyewe kila dakika kumi...

Waya akaishia hapo. Taipu ndiye aliyelalamika kwamba kila dakika kumi mashine inasita huku vidole vinakwenda mbio. Na Waya ndiye aliyeizima kazi hiyo, akijigamba kwamba Linux humtii mwenyewe.

— Nyie mna haraka ya kuua — alisema Dokta. Alikuwa muuza viatu, ila hakukuwa na ugonjwa, wa mtu wala wa gari, asioujua dawa yake. — Huyu ana homa. Mfunikeni kitambaa kibichi.

— Kompyuta, Dokta?

— Shika hapo chini. Si inachemka? Wewe ukiwa na homa unajibu watu?

— Ukiifunika kitambaa kibichi, tutaizika.

— Basi ichomoe betri uirudishe upesi, kabla haijajua.

— Itajua.

— Umejuaje kwamba itajua?

Mama Birika alikuwa akisuuza vikombe, lakini masikio yalikuwa benchini.

— Mimi naona imeshtuka. Imepewa maneno mazito ya mgonjwa. Hata mtu angekaa kimya.

— Mama Birika, hicho ni chuma.

— Na redio zako je? Kila siku unazitukana kama zina masikio.

— Sikilizeni — Dokta alisimama kabisa. — Hii programu ina aliyeitengeneza. Apigiwe simu!

— Imetengenezwa na maelfu ya watu, Dokta, dunia nzima.

— Maelfu, na hata mmoja hana simu?

Wakacheka kidogo, kisha kicheko kikakosa pa kwenda. Taipu hakukisikia. Alikuwa amebonyeza Subiri. Kisanduku kilitoweka, kikarudi. Akabonyeza tena. Jana alikaa hivyohivyo wodini, akimwita dada, na dada akamtazama kwa macho yaliyo wazi.

— Chaji imebaki asilimia sita — Waya alisema, sasa kwa sauti ndogo. — Na umeme umekatika. Kaka, ukiendelea kusubiri, itajizimia yenyewe.

— Iombe basi. Kwa upole tu. Usiweke tisa.

— Hata hiyo ya upole, ikikubali itafunga bila kuhifadhi. Sikufichi.

— Iombe. Kama iko hai, itajibu.

Waya akaandika amri, akabonyeza. Wote wanne wakainamia skrini. Dirisha lilibaki limepauka. Akarudia. Vilevile. Asilimia tatu. Waya akaongeza tisa, kisha akaondoa kidole bila kubonyeza. Hakuna aliyemhimiza. Skrini ikazimika yenyewe.

— Shikamoo, mjomba.

Mpwa wa Taipu, binti wa yule dada, alikuwa amesimama mbele ya benchi, begi bado begani.

— Marahaba, mwanangu. Umefika lini?

— Nimetoka wodini sasa hivi. Mama ananitazama tu. Nesi kaniambia juzi alikuandikisha maneno ya kuniachia.

Waya akadakia, akaeleza dirisha, amri na betri. Alieleza sana, mpaka jasho likamtoka. Binti alimsikiliza kwa adabu hadi mwisho.

— Sawa, mashine imekataa. Lakini mjomba si ulikuwepo? Alisema nini?

Benchi zima likamgeukia Taipu.

Kwa miaka thelathini na mmoja ofisini alisifiwa kwa jambo moja: maneno yalimwingia sikioni yakatokea vidoleni bila kutua popote njiani. Aliandika hivyo barua za watu kufukuzwa kazi, akaandika hivyo siri za wakubwa, akaenda nyumbani akala. Juzi alimwandikia dada vivyo hivyo. Alikumbuka blanketi. Alikumbuka dada alikohoa mara mbili, na kwamba ukurasa wa tatu alikosea herufi akairekebisha.

Akaweka vidole juu ya magoti, akajaribu kuviachia vitafute vyenyewe.

— Mwanangu... — alisema.

— Ndiyo, mjomba.

— Mwanangu, mkato...

Vidole vikasimama kwenye alama hiyo; neno la pili halikuja. Dokta akatazama barabarani. Mama Birika akainua birika, akalitikisa, akalirudisha chini.

Binti akashusha begi, akaketi pale benchini, akamsogelea mjomba wake zaidi ili neno lisimpite.