Mtu Wetu wa Ndani

Benchi hilo limeegemea ukuta wa duka la kutoa nakala, pale kona, na anayelikalia humpa mgongo kila anayeingia dukani. Kiwanda cha rangi kilipofungwa, wafanyakazi walikuja hapa kunakili vyeti vyao. Wengi walitawanyika. Watatu walibaki, na Mama Kahawa akasogeza birika lake karibu nao. Lifti alikuwa fundi wa lifti za kiwandani. Semina alikuwa karani. Jina alilipata baada ya kuhudhuria semina moja ya namna ya kutafuta kazi, ambayo mpaka leo hajamaliza kuisimulia. Ghala alitunza ghala. Asubuhi hiyo alichelewa. Alipopita mlangoni, mashine ilikuwa ikinguruma ndani na mtu mmoja ameinama juu yake. Hakumtazama. Aliketi, simu mkononi, kikombe akakikataa.

— Hutaki kahawa? aliuliza Mama Kahawa. Unaumwa?

— Leo namwomba, alisema Ghala.

Hakuna aliyeuliza anamwomba nani. Kwenye benchi hilo mtu wa kuombwa alikuwa mmoja tu. Walimwita Dirisha, kwa kuwa kupitia kwake walichungulia ndani. Alikuwa mwenzao kiwandani, na katika wote ndiye pekee aliyeangukia pazuri: kampuni ya usafirishaji, tena kwenye ofisi ya kuajiri. Mwaka mzima walikuwa wakimtunza. Walipangiana zamu. Semina alifungua wiki kwa salamu na picha ya maua. Lifti alimpongeza au kumpa pole, ikitegemea timu yake imecheza vipi. Ghala alimtakia mapumziko mema. Sharti lilikuwa moja, na lilikuwa la Semina: asiombwe kitu mpaka uhusiano uive.

— Leo ni zamu ya Lifti, alisema Semina.

— Kampuni yao inatafuta mtunza ghala. Mwisho wa kupokea maombi ni leo jioni.

— Si upeleke maombi kama watu wengine?

— Nimepeleka maombi mangapi, Semina? Bila mtu wa ndani yanaishia kwa mlinzi.

— Na utaharibu kazi ya mwaka mzima kwa jioni moja?

— Jumamosi shemeji yangu analeta lori, alisema Ghala. Mke wangu na watoto wanahamia kwake. Ameshaanza kufunga vyombo. Nimemwambia asubiri, leo Dirisha atasema neno.

Lifti alishusha kikombe.

— Na wewe?

— Kwa shemeji kuna nafasi ya mama na watoto. Mimi sikutajwa.

Mashine ndani iliendelea kunguruma.

— Pole, ndugu yangu, alisema Semina. Ndiyo maana nakuambia tuliza kichwa. Mtu akiombwa kavukavu, anakimbia. Semina ilisema wazi...

— Semina hiyo ilikuwa na chai? aliuliza Mama Kahawa.

— Ilikuwa nayo.

— Basi hicho ndicho ulichopata.

Lifti alicheka peke yake, akaacha.

— Mara ya mwisho alijibu nini? aliuliza.

— Alijibu "Tuombeane", alisema Ghala.

— Mnaona! Semina alipiga goti lake. "Tuombeane" ni lugha ya wakubwa. Maana yake nafasi ipo, lakini amekatazwa kusema.

— Hapana, alisema Lifti. Mwenye mshahara huwa anatuma "Amina", basi. Huyu kaongeza herufi. Anatupenda.

Ghala alifikiri huenda mtu huyo ana shida. Wazo hilo halikukaa. Shida gani, na yeye yuko ndani?

— Kosa letu ni kumtunza kwa simu, aliendelea Lifti. Simu haina uzito. Hapa inatakiwa damu. Mimi nina dada, Dirisha ana mdogo wake hajaoa.

— Dada yako si ameolewa?

— Ameolewa, lakini si sana.

— Acha utoto, alisema Semina. Damu inachukua muda. Dawa ni kuugua naye.

— Nini?

— Waliolazwa wodi moja hawasahauliani maisha. Hospitali anayotibiwa tunaijua. Siku akilazwa, mmoja wetu naye alazwe kitanda cha pili.

— Alazwe na ugonjwa gani?

— Mgongo. Nani atakupima mgongo akuambie hauumi?

— Na asipougua?

Semina alitafakari kwa dhati.

— Ataugua tu. Ni kuwa na subira.

— Mnasubiri mtu augue, alisema Ghala, na lori linakuja Jumamosi.

— Bwana mdogo, alisema Semina, nani aliwapeleka kwenye msiba wa mama mkwe wake? Si mimi? Tulikaa mpaka watu wakaisha. Lifti alilia hadi wenye msiba wakamletea maji. Ile ndiyo kazi! Mahusiano yanajengwa hivyo, kidogo kidogo, sio kwa kuvamia.

— Nililia kweli, alisema Lifti. Nilikumbuka kiwanda.

Ghala hakuwa akisikiliza tena. Kidole chake kilikuwa kikiandika: "Kaka, habari. Kwenu wanatafuta mtunza ghala. Nimekwama, familia inaondoka. Nishike mkono." Alikuwa ameusoma ujumbe huo kichwani tangu alfajiri, na sasa ulionekana mfupi mno kwa mwaka mzima wa salamu.

— Usitume! Semina alirukia simu.

Ghala aliuinua mkono juu, akabonyeza.

Nyuma yao, ndani ya duka, simu ililia mara moja. Mashine ikanyamaza.

Hakuna aliyegeuka. Walisikia hatua, kisha mtu akasimama mbele yao. Alikuwa Dirisha. Mkono mmoja ulishika simu. Mwingine ulibana kifuani bahasha na karatasi ambazo bado zilikuwa na joto la mashine.

— Habari zenu, wazee.

Semina aliinuka kama mtu aliyetokewa na mkuu wa kazi, akafuta benchi kwa kiganja.

— Karibu, bosi. Keti.

— Umetusikia? aliuliza Lifti.

— Mashine ina kelele, alisema Dirisha. Lakini mgongo nimeusikia.

Ghala alitazama karatasi. Ile ya juu ilikuwa na picha ya Dirisha amevaa tai, tai ileile ya siku za kiwandani. Chini yake yalipangwa mambo ambayo Ghala aliyajua hata bila kuyasoma: elimu, uzoefu, wadhamini.

— Umekuja kunakili mambo ya ofisi, alisema Semina. Hakuwa akiuliza, alikuwa akiomba.

— Ofisi gani, kaka? Walitupunguza. Kabla hata ya msiba wa mama mkwe.

— Kabla? alisema Lifti.

— Kabla.

— Mbona hukutuambia?

— Hamkuuliza. Mlituma maua.

Alisema bila hasira. Ghala alisogea, wengine wakasogea, na Dirisha akajibana kwenye benchi la watu watatu.

— Na mimi nilijibu yote, aliendelea. Hata picha za maua nilizirudishia maua. Nilisema, hawa watu hawalalamiki hata siku moja, asubuhi mapema wapo macho wananisalimia, hawa lazima wameshapata pahali. Kila jioni nilimwambia mke wangu: nina watu watatu nawatunza, lakini bado hawajaiva.

Semina aliketi polepole.

— Ghala, ujumbe wako nimeusoma, alisema Dirisha. Nisamehe. Pale kwangu hakuna tena mlango. Juzi nilipita, mlinzi niliyemwajiri mwenyewe akaniambia bahasha niiache nje.

Ghala alitikisa kichwa. Alitaka kusema si neno, lakini neno lilikuwepo, na lilikuwa Jumamosi.

— Sasa tuambiane ukweli, alisema Dirisha. Kati yenu kuna anayemjua mtu aliye kazini? Mahali popote.

Lifti alimtazama Semina. Semina alitazama barabara.

— Mama Kahawa, alisema Lifti mwishowe. Yeye yuko kazini.

Mama Kahawa alitoa kikombe cha Dirisha, akainamisha birika juu yake. Yalitoka machicha, tena kidogo.

— Nilikuwa, alisema. Wateja wenyewe ndio nyinyi. Akaanza kukusanya vikombe.

Simu ya Ghala iliwaka. Mkewe: "Amesemaje?"

Aliutazama ujumbe huo mpaka kioo kikazima. Kisha akawageukia wenzake.

— Jumamosi mko wapi?

— Tutakuwa wapi? alisema Lifti.

— Kabati letu halishuki ngazi kwa mtu mmoja.

— Lile la milango mitatu?

— Hilohilo.

Semina aliuliza lori linakuja saa ngapi. Lifti alikunja mikono ya shati, kana kwamba Jumamosi ni leo. Dirisha aliiweka bahasha chini ya paja lake isipeperushwe, akaitikia kwa kichwa.

Ghala akamwandikia mkewe: "Jumamosi nitaleta watu watatu wa kubeba kabati."