Cheti cha Fundi Bora Kinarudi kwa Sebagabo

Ijumaa hii, tarehe 30 Januari 2026, Mzee Enoki Sebagabo anastaafu baada ya miaka kumi na minane ya kutengeneza boila zinazopasha joto nyumba zetu za kupangisha, mitaa ya West Side na North Buffalo. Nimeombwa nimwandikie mimi, Kabera, kwa kuwa nimefanya kazi naye muda mrefu kuliko wote waliobaki. Walioniomba hawakujua walichoomba.

Alianza kwa kufagia ngazi, akajifunza boila kwa kumbebea vifaa fundi aliyemtangulia. Sifa yake kubwa ni kwamba hagusi mashine kabla ya kuketi. Huvua viatu, husalimia, huuliza habari za watoto mmoja mmoja, kisha hunywa chai ya maziwa mpaka aone kitako cha kikombe. Tulimtania kwamba nyumba zikipata joto, yeye hupata kitambi. Mimi ndiye niliyecheka kuliko wote, maana nilikuwa nimetoka Louisville na cheti kipya cha ufundi, najiona mwerevu.

Januari 2019, boila ya mpangaji wetu Mama Esperance ilianza kuwaka na kuzimika: dakika mbili inawaka, dakika tatu imezima, kutwa nzima. Nilitumwa mimi. Mama alinikaribisha chai, nikakataa, nikashuka na viatu vyangu moja kwa moja hadi chumba cha chini. Nikabadilisha kidhibiti joto, nikabadilisha na pampu, hali ikawa ile ile. Kuona nimeshindwa, niliandika kwenye ripoti kwamba Sebagabo, aliyeihudumia mwaka uliotangulia, ndiye aliyeiharibu. Ushahidi sikuwa nao. Niliandika tu.

Ofisi ikampa barua ya onyo, ikamwondoa kwenye boila na kumkabidhi koleo la theluji.

Wiki mbili baadaye alikuwa akisafisha ngazi za Mama Esperance, akaitwa ndani. Akaketi, akauliza habari za watoto kama kawaida yake. “Bon, batoto balienda,” mama alimjibu. “Moja iko Louisville, mwingine iko Columbus. Donc ile byumba ya yulu nilifunga moto yote. Nitapashia nani?”

Jibu lilikuwa hapo. Boila ya nyumba nzima ilikuwa ikipasha redieta mbili tu, vile vyuma vya ukutani vinavyotoa joto vyumbani. Maji yalichemka upesi, joto likakosa pa kwenda, mashine ikajizima isijiunguze. Yakipoa kidogo, inawaka tena. Mzee akapanda juu, akafungua redieta zote, na boila ikatulia. Kuuliza si ujinga, na mimi sikuuliza hata habari ya asubuhi.

Hakwenda kunishtaki ofisini. Alinijia mimi, akanieleza kila kitu, akanisihi nirekebishe ripoti mwenyewe nisije nikaaibika. Nikairekebisha kweli: niliandika kwamba nimeitengeneza mimi. Mwezi Machi jarida hili hili la kampuni lilinitangaza Fundi Bora, picha yangu ikitabasamu, nikapewa na cheti. Mzee aliegemeza koleo ukutani akanipa mkono wa pongezi. Alirudishwa kwenye boila mwaka uliofuata, lakini barua ile ilibaki kwenye faili lake.

Naona aibu. Nimeiona kwa miaka saba, na kila alipowamwagia watu wote salamu asubuhi, mimi niliinamisha uso. Jumatatu nilimweleza meneja ukweli wote. Barua ya Mzee imetolewa failini, yangu ya onyo imeingia kwenye faili langu, na ni haki yangu.

Sasa anahamia Columbus kwa binti yake Ange. Asante, Mzee, kwa joto la nyumba hizi na kwa kunistahi pasipostahili. Upumzike vyema, na afya isikupungukie. Ijumaa utakikuta cheti cha Fundi Bora cha mwaka ule mezani. Jina langu limekatwa, lako limeandikwa. Kando yake nitaweka chupa ya chai ya maziwa na vikombe viwili. Safari hii nitavua viatu, nitaketi.