Bibi Ludwika Amesema Tusije Mazikoni

Wasikilizaji wapendwa, leo nisameheni, mwenzenu nimechanganyikiwa. Jumamosi tunamzika Padri Hieronim Grabiec, padri wetu na mwalimu wetu. Wajerumani walimuua wakati wa Vita vya Pili vya Dunia. Mifupa yake imepatikana msituni mwaka huu, miaka hamsini baadaye. Sasa dada yake, Bibi Ludwika, amenipigia simu hapa redioni. Kasema, "Watangazie watu wasije. Wasijisumbue."

Wasijisumbue! Jamani, hapa kwetu nani hulisikia neno hilo? Mtu akiwa na siku ya jina lake, siku ya mtakatifu wake, haaliki. Watu huja tu. Yeye husema msijisumbue, nasi tunajisumbua. Asiyetokea ana lake jambo.

Ngojeni nianze na Padri mwenyewe.

Wajerumani walipofunga shule, Padri Hieronim aliihamishia jikoni kwa dada yake. Alifundisha historia ya nchi yetu, kwa siri, maana ilikuwa marufuku. Ramani hakuwa nayo. Akamwaga unga kwenye ubao wa kukandia, akachora mto Wisła kwa kidole.

"Unga wangu huo!" Ludwika akafoka.

"Tulia, dada. Jioni tutaila nchi nzima kwa supu."

Mama yangu, Pelagia, alisoma hapo akiwa msichana. Anasema ukikosea tarehe ya vita, ulipewa viazi umenye. Yeye alimenya vingi sana.

Sasa sikilizeni vizuri. Siku ya jina lake ni siku ya Mtakatifu Hieronimo, mwishoni mwa Septemba. Mwaka ule aliouawa, alisimama altareni akasema, "Mwaka huu msije kwangu. Nawaomba." Mikusanyiko ilikuwa imekatazwa. Alisema msije. Watu wakatabasamu, wakaenda kuoka keki.

"Tulidhani ni yale yale," mama ananiambia. "Nani angemwacha padri wake peke yake siku ya jina? Tungeitwa wachoyo!"

Basi wakaja, nyumba ikajaa. Askari waliokuwa wakipita wakaona watu wengi wanaingia mlango mmoja. Wakaizingira nyumba.

"Mkutano gani huu?" ofisa akauliza.

"Ni siku ya jina lake, bwana," mama akajibu, keki ya plamu mkononi.

Ofisa hakuamini. Akaamuru wote wapande lori. Ndipo Padri akasema, "Waache. Nimewaita mimi, niwafundishe historia. Hawakujua nawaitia nini."

Wasikilizaji, hebu nisaidieni. Habari za shule ofisa hakuwa nazo kabisa. Na hakuna aliyeitwa. Padri alitoa kosa lake la kweli, akalichanganya na uongo, watu wakarudi makwao. Yeye akapelekwa msituni, akapigwa risasi. Wapo wanaomwita shahidi wa imani. Wapo wanaosema alikufa kwa ajili ya historia. Mimi nikimtazama mama yangu, naona alikufa kwa ajili ya watu wenye keki, wala sijui hilo nalo linaitwaje.

Bibi Ludwika hajawasamehe. Hadi leo hapokei salamu ya yeyote aliyekuja siku ile. "Aliwaomba," aliniambia kwenye simu. "Mngemsikia mara moja tu, ningekuwa na kaka."

Nikamuuliza, "Bibi, na hii ya Jumamosi, unasema kweli, au unasema tu?"

Akakata simu.

Hapo ndipo nilipokwama. Tukienda, tunarudia kosa lile lile. Tusipoenda, kikongwe yule atasimama kaburini peke yake na paroko. Nimemuuliza mama. Amelia kwanza, halafu akasema, "Mimi nitakwenda hadi getini. Nitasimama nje."

Ndugu zangu, tafakarini. Ni lini mtu alikuomba jambo, nawe ukampenda mpaka ukashindwa kumsikia?

Bibi Ludwika, najua unatusikiliza. Pole sana, bibi yetu. Pole kwa kaka, na pole kwa sisi. Jumamosi tutakuwa nje ya geti la makaburi, mama yangu mbele. Hatutaingia. Ukipita bila kututazama, tutarudi nyumbani. Ila ukitaka tuingie, bibi, tuambie kwa mdomo wako.